Hoteli Zilizofungwa Shanzu: Zipewe Wanafunzi?

Ukitoka kisiwani Mombasa kwa barabara ya Malindi, ukapita Kongowea na Bamburi, ukakata kulia kabla ya kufika daraja la Mtwapa, umeingia Shanzu. Hapa pana chuo cha walimu, pana mahakama, na pana ufuo uliowahi kujaa wageni kutoka Ulaya. Kampuni ya Kiswisi ya African Safari Club ilikuwa na hoteli zilizofuatana kwenye ufuo huu, na watalii ikiwaleta kwa ndege zake yenyewe. Kisha zikaja ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, kampuni ikaanguka, na milango ikafungwa. Baadhi ya hoteli hizo zilipata wenyewe wapya: Paradise na Flamingo zikafufuliwa chini ya jina la PrideInn. Pwani nzima haikupata nafuu ya namna hiyo. Baada ya shambulio la kigaidi la Westgate la Septemba 2013 na milipuko iliyofuata, Uingereza ilitoa tahadhari Mei 2014 na watalii wakarudishwa kwao kwa mamia. Machi 2020 korona ikasimamisha ndege. Hoteli iliyokuwa ikichechemea ikalala kabisa.

Ng'ambo ya Daraja la Nyali, pale Tudor, kipo Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, yaani TUM. Kilianza miaka ya 1940 kikiwa chuo cha ufundi cha vijana wa Kiislamu, MIOME, kikawa Mombasa Polytechnic mwaka 1972, na kikapata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2013. Hadhi ilipanda, wanafunzi wakaongezeka, vitanda havikwenda mwendo huo. Wengi wao hupanga mitaani: Tudor, Mshomoroni, Kisauni, Bombolulu.

Je, hoteli isiyo na dalili ya kurudi kuwa hoteli igeuzwe hosteli ya wanafunzi? Jibu langu ni ndiyo, kwa masharti magumu. Sauti zilizomo humu nimezitunga mimi kutokana na hoja zenyewe, ndiyo maana hazina majina. Nimezipa nguvu yote zinayostahili, kwa sababu hoja dhaifu ikishindwa haimsaidii yeyote.

MWANAFUNZI: Shikamooni wazee wangu. Mimi nasoma Tudor, mwaka wa tatu. Chumba chetu Mshomoroni tunalala watatu, choo ni cha ploti nzima, maji tunanunua kwa mitungi kwa mtu wa mkokoteni. Maktaba ikiwa wazi usiku mimi sifaidiki nayo, kwa sababu vijana wa mapanga wametufundisha kuwa ndani kabla giza halijaingia. Bahari siitaki. Nataka meza, mlango unaofungika, stima isiyokatika kila wiki, na mtu wa kuitwa nikiugua saa tisa za usiku. Vyumba vya hoteli vina choo na bafu ndani. Vimefungwa, mimi napanga foleni ya choo. Nielezeni haki iko wapi.

MZEE WA HOTELI: Marahaba, mwanangu. Uchungu wako naujua, nami nina wajukuu chuoni. Lakini nisikilize. Nimefanya kazi hoteli tangu ujana, nikaanza kuosha vyombo nikafika kapteni wa mkahawa. Kijerumani nilijifunzia mezani. Mgeni mmoja alikuwa akilisha watu ambao hata hakuwajua: dereva wa teksi, Mkamba mchonga vinyago, mama wa leso, kijana wa ngamia pale mchangani, mvuvi aliyeuza kamba jikoni kila asubuhi. Mwanafunzi atanunua chapati na maharagwe. Simdharau, ndivyo mfuko wake ulivyo. Hoteli ikishageuzwa hosteli hairudi tena. Na sisi tulioachishwa kazi, wengine bado tunadai haki zetu. Mnagawana nyumba na deni limo ndani?

MWANDISHI: Mzee, deni hilo ndilo la kuanzia. Sheria ya Ufilisi ya 2015 inaiweka mishahara ya wafanyakazi miongoni mwa madai yanayotangulia, ingawa benki iliyoshika rehani husimama mbele kwenye mali iliyowekwa dhamana. Kwa hivyo jengo ambalo kesi yake haijaisha lisiguswe. Chuo kisiingize mwanafunzi hata mmoja kwenye nyumba ambayo waliotandika vitanda vyake hawajalipwa. Lakini kuhusu kungoja watalii, hapo sikubaliani nawe. Hoteli zilizokuwa na uhai zilishapata wanunuzi, zikapakwa rangi, zikafunguliwa. Ile ambayo miaka kumi imepita hakuna aliyeitaka kwa utalii, soko limekwisha kuihukumu. Mgeni huja kwa msimu, na masika ikianza Aprili ufuo huwa mtupu. Mwanafunzi hukaa muda mwingi wa mwaka, anakula kila siku, ananyoa, anapiga chapa karatasi, anapanda tuktuk. Hatoi bakshishi, nakubali. Wala sitadai kwamba hosteli itaajiri watu wengi kama hoteli. Itaajiri wachache, lakini mwaka mzima.

MZEE WA HOTELI: Wachache hao watatoka wapi?

MWANDISHI: Hapa hapa. Na hili nalitaka liandikwe kwenye mkataba, lisibaki ahadi ya mdomo. Vyuo vya Mombasa vinafundisha mambo ya hoteli na utalii, na jiko la hoteli kubwa ni darasa ambalo fedha nyingi zingehitajika kulijenga upya. Watu wengi wanapoiangalia hoteli iliyofungwa huhesabu vyumba. Mimi naliangalia jiko, chumba cha kufulia, ghala la baridi, nyumba ya jenereta na tangi la maji. Vitu hivyo ndivyo ambavyo hosteli zetu nyingi hazina, na ndivyo vinavyowafanya wanafunzi kupikia juu ya sakafu karibu na godoro. Mwanafunzi wa upishi ajifunze kulisha watu mia tatu chini ya mkono wa mtu kama wewe, naye anayesomea uhandisi ale chakula hicho kwa bei anayoiweza.

FUNDI: Jamani, kabla hamjafika jikoni, niruhusuni nizungumze juu ya paa na nguzo, maana hapo ndipo watu hufia. Mimi ni mhandisi, nimekarabati majengo ya ufuoni. Upepo wa bahari una chumvi. Chumvi huingia ndani ya zege polepole, miaka kwa miaka, mpaka ikifika kwenye vyuma. Chuma kikishika kutu huvimba, kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, na zege hupasuka kutoka ndani. Ukiona ufa mrefu uliofuata mstari wa chuma, au doa la kahawia likitiririka chini ya slabu, usidanganywe na rangi mpya. Gonga kwa nyundo: zege zima hulia kwa sauti kali, lililoachana na chuma hulia kama debe tupu. Roshani ndizo za kwanza kuharibika, maana zimening'inia nje na vyuma vyake vya maana viko juu, pale maji ya mvua yanapotuama. Na sasa fikiria wanafunzi ishirini wamesimama kwenye roshani moja wakitazama mpira wa ufuoni.

MWANAFUNZI: Kwa hiyo haiwezekani?

FUNDI: Sijasema haiwezekani. Nimesema jengo lipimwe. Tunatoboa vijisehemu vya zege, tunapeleka unga wake maabara kupima chumvi. Tunanyunyizia dawa kwenye zege lililokatwa: likigeuka rangi ya waridi, bado linavilinda vyuma vyake, likibaki vile vile, ulinzi umekwisha. Kuta za mawe ya matumbawe mara nyingi huwa hazina neno. Jengo moja laweza kuwa na bawa zima lisilofaa na bawa jingine zima kabisa. Bawa bovu livunjwe, zima litumike. Kinachoniudhi ni mtu anayenunua rangi kabla ya kununua vipimo.

Na makuti. Mkahawa wa makuti ni mzuri kwa mgeni anayekunywa madafu, lakini makuti hayafai kuezekea mahali ambapo vijana mia wanachemsha maji kwa koili. Cheche moja na upepo wa kusi, hakuna wa kuuzima huo moto. Paa la makuti litoke, au jengo lake lisimame mbali na vyumba vya kulala. Nyaya zote zibadilishwe. Hoteli iliwekewa nyaya za feni, taa na kiyoyozi kimoja, haikutarajia kila chumba kiwe na pasi, koili na jiko la umeme. Ngazi ziwe mbili kwa kila bawa. Na madirisha, tafadhalini, yasitiwe vyuma visivyofunguka kwa ndani.

MWANDISHI: Hapo fundi amegusa donda la Kenya. Machi 2001 bweni la Kyanguli kule Machakos liliteketea na wavulana 67 wakafa. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli, madirisha yana vyuma. Septemba 2024 bweni la Hillside Endarasha, Nyeri, likaua watoto 21. Tunajua sababu, tunazijua kwa majina ya makaburi, na bado tunajenga vivyo hivyo. Hoteli ina faida moja hapa: iligawanywa vyumba vidogo vyenye milango yake, tofauti na ukumbi mrefu wa vitanda mia. Faida hiyo hupotea siku mwenye hosteli anapoamua kutia vitanda sita kwenye chumba cha watu wawili. Kwa hivyo idadi ya vitanda kwa kila chumba iandikwe kwenye kibali, ibandikwe mlangoni, na mzazi yeyote awe na haki ya kuingia na kuhesabu.

BI MWENYE NYUMBA: Sasa na mimi nisemeje? Mimi ni mjane, nimejenga vyumba vyangu kumi na viwili nyuma ya barabara kuu kwa mkopo wa chama na urithi wa marehemu. Wapangaji wangu walikuwa wafanyakazi wa hoteli. Hoteli zikafungwa, wakahama. Nikaanza kupata wanachuo. Leo mwataka kuwapeleka ufuoni, na mimi nibaki na kuta? Halafu nakwambieni, mwanzo mtasema bei ya mwanafunzi, kesho atakuja mwekezaji mwenye tai aseme bei ya bahari. Nairobi si mmeona? Kampuni ya Acorn imejenga Qwetu na Qejani, nyumba nzuri, mwaka 2019 ikakopa mabilioni kwa hati za dhamana kuziendeleza. Mtoto wa Ganze ataweza huko?

MWANAFUNZI: Bi, mimi mwenyewe siwezi. Mkopo wa HELB ukichelewa, huwa nakula kwa deni dukani.

MWANDISHI: Bi, swali lako la bei ni zito kuliko la wapangaji, nami nitaanza na hilo. Kodi ya kitanda lazima ifungwe kwenye mkataba kabla ya ukarabati, ilipwe kwa semista pesa za mkopo zinapoingia, na isipandishwe kwa kuwa chumba kinaona bahari. Njia ya kulifanya hilo si kununua ufuo. Chuo kikodi jengo, hati ibaki kwa mwenyewe, na miaka ya kukodi itoshe kurudisha gharama za ukarabati. Mwenye jengo anapata kodi ya uhakika badala ya kulipa askari walinde popo. Mwekezaji anayetaka faida ya utalii aende kwa watalii.

Kuhusu wapangaji wako, sitakudanganya kwamba hutapoteza hata mmoja. Lakini wanafunzi wa mji huu ni wengi kuliko vitanda vyote tunavyovizungumzia, na jengo moja au mawili hayatamaliza mahitaji. Litakalobadilika ni kwamba mwanafunzi atakuwa na kitu cha kulinganisha. Mwenye vyumba vyenye maji na choo safi atabaki na wapangaji wake. Anayepangisha kibanda kisicho na hewa kwa bei ya chumba, huyo ndiye atakayeumia, nami simwonei huruma.

BI MWENYE NYUMBA: Haya. Vyangu vina maji.

MVUVI: Mimi neno langu dogo. Hoteli zilipojengwa, njia za kwenda baharini ziliingia ndani ya kuta. Tukawa tunazunguka mbali kufika kwenye mashua zetu. Chuo kikija, ile njia ifunguliwe. Na maji ya vyoo yasije kwenye mwamba.

FUNDI: Hilo la pili si dogo hata kidogo. Shanzu yote imekaa juu ya jiwe la matumbawe. Maji machafu yakiingia humo hayachujwi, hupita kwenye mianya mpaka visimani na baharini. Sehemu kubwa ya bara hili la kaskazini haina mabomba ya maji taka, kila mtu ana tangi na shimo lake. Hoteli ya wageni mia mbili ikiwa hosteli ya vijana mia nne, tangi lile lile litafurika mwezi wa kwanza. Maji safi nayo hutoka Baricho, kwenye mto Sabaki, na kila mkazi wa hapa anajua siku za bomba kukauka. Hosteli bila matangi makubwa na kisima chenye mtambo wa kuondoa chumvi itaishi kwa maboza, na bei ya boza itaingia kwenye kodi ya kitanda.

MWANDISHI: Basi mtambo wa kusafisha maji taka uwe kabla ya godoro la kwanza, na njia ya wavuvi iwe sharti la kibali. Kubadilisha matumizi ya ardhi kunahitaji idhini ya kaunti chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019, na umma una haki ya kutoa maoni. Wavuvi wafike siku hiyo.

MZEE WA HOTELI: Mwasema kana kwamba jambo hili limepata kufanyika mahali.

MWANDISHI: Limefanyika, tena kwetu. Chuo Kikuu cha Kenyatta kilianza ndani ya kambi ya jeshi la Waingereza pale Kahawa, Templer Barracks, iliyokabidhiwa serikali mwaka 1965. Walimu wa nchi hii walilala na kusomea kwenye nyumba zilizojengwa kwa ajili ya askari wa kikoloni. Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, kilirithi majengo ya chuo cha kilimo mwaka 2007. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzia kwenye jengo la Chimwaga, ukumbi wa mikutano wa chama tawala. Afrika Mashariki imezoea kuingia kwenye nyumba ya mwingine na kuifanya shule.

Nje ya hapa, Johannesburg ina mifano miwili ambayo ningependa kila diwani wa Mombasa aijue. Mwaka 2014 maghala ya zamani ya nafaka huko Newtown yaligeuzwa makazi ya wanafunzi, yakaitwa Mill Junction. Juu ya maghala wakapandisha makontena yaliyokatwa madirisha. Mji huo huo, Agosti 2023, jengo la Usindiso, lililokuwa mali ya manispaa kisha likatelekezwa na kugawanywa vyumba kiholela, liliwaka moto usiku na kuua zaidi ya watu 70. Yote mawili yalikuwa majengo yaliyoachwa na matumizi yake ya kwanza. Moja lilikuwa na mhandisi, kibali na msimamizi anayejulikana. La pili lilikuwa na wakusanyaji kodi tu. Anayesema majengo ya zamani ni hatari, namkubalia nusu. Hatari ni jengo lisilo na mtu wa kuulizwa.

BI MWENYE NYUMBA: Na wasichana je? Mtwapa iko karibu hapo, baa hazilali. Wako wazee wa Kizungu wanaotafuta watoto wa watu kwa dola. Mzazi wa bara amtume binti yake ufuoni, akilini?

MWANAFUNZI: Bi, na huko Mshomoroni tunakokaa hakuna wa kutulinda na lolote. Hatari hizo zinatukuta kwa sababu tuna njaa na kodi imechelewa. Nipe chumba nilichokwisha kukilipia na chakula, uone kama nitapokea simu ya mzee wa mtu.

MWANDISHI: Sina la kuongeza hapo, ila kwamba matroni akae ndani ya hosteli yenyewe, na taa ziwe kuanzia lango mpaka barabara kuu.

Limebaki jambo moja ambalo watetezi wenzangu hulikwepa. Shanzu ni mbali na Tudor. Ni karibu kilomita kumi na tano, na asubuhi magari yote hupita shingo moja, Daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1980 wakati mji ulikuwa na magari machache. Upanuzi wa barabara ya Mtwapa unasaidia mpaka Kongowea, baada ya hapo foleni ni ile ile. Kwa hivyo jengo la kwanza lisiwe la TUM. Liwe la wanaosoma karibu: walimu wanafunzi wa chuo cha Shanzu, na wanafunzi wa hoteli na utalii walio kwenye mafunzo ya kazi kwenye hoteli za ufuo huu, ambao leo hupanga vyumba vya miezi mitatu kwa bei ya mgeni.

MWANAFUNZI: Kumbe nimekuja kujitetea, na mimi simo.

MWANDISHI: Humo kwenye jengo la kwanza, dada yangu, na ni bora nikwambie leo kuliko uhamie huku ukose mtihani wa saa mbili asubuhi. Wewe utaingia chuo kikiwa na mabasi yake yenye saa maalumu, asubuhi na usiku baada ya maktaba, nauli ikiwa ndani ya kodi ya kitanda. Bila mabasi hayo, nitapinga jengo la pili kwa nguvu ile ile ninayolitetea la kwanza.

MWANAFUNZI: Na kisiwani kwenyewe? Mbona hakuna anayeangalia ghorofa tupu za mjini? Kutoka barabara ya Moi mpaka Tudor natembea kwa miguu.

FUNDI: Swali zuri. Maofisi ya zamani ya mjini yana chumvi ndogo na mabomba ya maji taka, angalau sehemu zake. Shida ni vyoo: sakafu nzima ina vyoo viwili mwishoni, na kuvuta mabomba mapya ni gharama. Lakini ukinilazimisha nichague jengo la wanafunzi wa Tudor, ningepima la mjini kwanza.

MWANDISHI: Basi yapimwe yote mawili, moja Shanzu kwa ajili ya walimu na wanafunzi wa hoteli, moja kisiwani kwa ajili ya Tudor. Fundi, kipimo cha zege cha bawa moja kinachukua muda gani?

FUNDI: Kutoboa ni kazi ya siku chache. Maabara, wiki kadhaa. Kupata ruhusa ya mwenye hati kuingia ndani, hilo ndilo litakalotuchelewesha.

MZEE WA HOTELI: Mwenye hati hakai hapa. Lakini askari anayelinda lango la ile hoteli nilikuwa naye kazini, na namba ya wakili ameibandika ukutani. Kesho baada ya alasiri nitakupeleka.